Kihisi Kisichodanganya: mwongozo kwa fundi anayetaka kupima na kudhibiti joto

Ukiingia Kariakoo au Luthuli Avenue na pesa isiyo nyingi, utatoka na kila kitu cha kuundia kipimajoto kinachotuma meseji: ubao mdogo wa ESP32, kihisi cha DS18B20 kilichofungwa ndani ya bomba dogo la chuma, moduli ya laini ya simu, betri na chaja yake. Jioni hiyohiyo, kwa kunakili programu walizokwisha kuandika wenzako, namba itatokea kwenye kioo: 24.6. Wengi hufika hapo, wakapiga picha, wakaandika kwenye ripoti ya chuo kwamba mfumo umekamilika.

Namba yenyewe si kazi. Kazi ni kuifanya iaminike saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, umeme umekatika, mvua inanyesha, na wewe uliyeunda kifaa uko safarini. Kwa hiyo mwongozo huu hautakufundisha kuunganisha waya. Hayo utayapata popote. Nitashika mashine mbili tu, friji ya chanjo ya zahanati na tangi la kupasha maziwa la kiwanda kidogo, nikuoneshe mahali ambapo vifaa vya namna hii hudanganya na jinsi ya kuvizuia. Kihisi ni kilekile kwa zote mbili. Tofauti ni kwamba friji inahitaji kuangaliwa, na tangi linahitaji kuendeshwa.

Anza na mtu atakayeamka

Kabla hujanunua chochote, keti na muuguzi anayeshughulikia chanjo umuulize maswali mawili. Joto likivuka mpaka, nani atapata habari? Na akishaipata, atafanya nini? Kama jibu la pili ni kwamba hakuna la kufanya mpaka asubuhi, basi tatizo la zahanati ile si kihisi. Wanahitaji kwanza vibarafu vilivyogandishwa tayari, kisanduku baridi, na makubaliano na kituo cha jirani chenye jenereta. Kengele isiyo na wa kuitikia ni kelele tu.

Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Mpaka wa juu na mpaka wa chini havilingani uzito, na hapa mafundi wengi hukosea kwa sababu wamezoea kufikiri kwamba adui wa friji ni joto. Chanjo ya homa ya ini B, ya pepopunda na ile ya pentavalenti huharibika zikiganda. Zikishaganda hazirudi, hata ukiziyeyusha taratibu. Joto kidogo zaidi kwa saa chache, kwa upande mwingine, chanjo nyingi hulistahimili. Ile lebo ndogo ya kwenye kichupa, ambayo mraba wake wa katikati hubadilika rangi kadiri joto linavyozidi, husoma joto peke yake, kuganda haikuoni. Kwa hiyo kama kifaa chako kina kazi moja ya maana, ni kumwambia muuguzi habari ambayo kichupa chenyewe hakiwezi kumwambia.

Shirika la Afya Duniani limeweka viwango vya kengele kwa virekodi joto vya friji za chanjo, na huna sababu ya kubuni vyako. Joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, kengele. Likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60, kengele. Tazama tofauti hiyo: saa kumi kwa joto, saa moja kwa kuganda. Unaweza kuongeza onyo la mapema kabla ya kengele yenyewe, na ninakushauri uongeze, lakini lisiwe jepesi kiasi cha kulia kila mlango unapofunguliwa siku ya kliniki. Simu inayolia mara tano kwa siku bila sababu itawekwa kimya ndani ya wiki moja, na hakuna wa kumlaumu aliyeiweka kimya.

Hewa si dawa

Ukining'iniza kihisi hewani ndani ya friji, utapima hewa. Mlango ukifunguliwa, hewa baridi humwagika nje kwa sekunde chache na namba ikapanda, ilhali vichupa vya chanjo havijasikia chochote. Tiba yake ni rahisi na ya zamani: tumbukiza ncha ya kihisi ndani ya kichupa kidogo kilichojazwa propilini glaikoli, kisha ukizibe vizuri. Ukikosa, tumia mchanga mkavu uliooshwa au shanga ndogo za kioo. Sasa kihisi kinapanda na kushuka polepole, kama dawa inavyopanda na kushuka.

Kiweke katikati ya chanjo, si mlangoni wala si kwenye ukuta wa nyuma. Katika friji zile za kufunguliwa kwa juu, zenye tabaka la barafu ukutani, sehemu ya baridi kali ni chini kabisa, na ndiyo maana chanjo zake hukaa ndani ya vikapu. Ukiwa na uwezo wa vihisi viwili, kimoja kiweke pamoja na chanjo, cha pili mahali penye baridi zaidi. DS18B20 zina faida kwamba kadhaa huweza kutumia waya mmoja wa data, kila kimoja kikiwa na namba yake ya utambulisho. Utahitaji rezista moja tu ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na ule wa umeme. Waya wenyewe uupitishe upande wa bawaba, na ukipata waya bapa ni bora zaidi. Waya mnene hukunja mpira wa mlango, hewa yenye unyevu ikaingia, barafu ikajijenga ndani, na kifaa ulicholeta kulinda friji kikawa ndicho kinachoiua.

Namba tatu za uongo

Sasa tufike kwenye kiini. Kihisi cha DS18B20 kikiwashwa, kabla hakijapima kitu, kumbukumbu yake huwa imebeba nyuzi 85. Kwa usahihi wake wa juu kabisa, yaani biti 12, kinahitaji hadi milisekunde 750 kumaliza kipimo kimoja. Ukikiuliza mapema, au umeme ukiyumba kikajiwasha upya, kitakujibu 85 bila aibu. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni −127, ambayo maktaba ya programu inayotumiwa na wengi hurudisha waya unapokatika. Ya tatu ni mbaya zaidi kwa sababu inafanana na ukweli: ni ile namba ya mwisho iliyokuwa sahihi. Programu imekwama, kioo bado kinaonesha 4.5, na kitaendelea kuonesha 4.5 hadi chanjo zichemke.

Mbili za kwanza usizichanganye na vipimo halali hata kidogo. Ukiziingiza kwenye wastani, 85 moja itapandisha saa nzima. Ukiziacha zipite kwenye kengele ya kuganda, −127 itamwamsha muuguzi saa nane usiku kwa ajili ya waya uliong'atwa na panya. Zipe ujumbe wake: "Kihisi hakisomi." Hilo nalo ni tatizo la kushughulikiwa, ila ni la fundi, na linaweza kusubiri kuche.

Ya tatu inahitaji mbinu nyingine. Kila kipimo kiambatane na saa kilipochukuliwa, na kioo kioneshe vyote viwili. Kipimo kikipitwa na muda, tuseme dakika ishirini, kioo kisioneshe namba kabisa, kioneshe mistari. Washa pia kile kipima-muda cha mlinzi kilichomo ndani ya maikrokontrola yenyewe, ambacho huiwasha upya programu isipotoa ishara ya uhai kwa wakati. ESP32 inacho, na kukiwasha ni mistari michache tu ya programu. Wapo wanaokizima kwa sababu "kinasumbua." Kinasumbua kwa kuwa programu inakwama, tafuta inakwamia wapi.

Viwandani walilimaliza jambo hili miaka mingi iliyopita kwa ujanja ambao mimi huona ni moja ya fikra safi kabisa katika uhandisi. Kihisi cha kiwandani hutuma kipimo chake kwa njia ya mkondo wa umeme, kuanzia miliampea 4 hadi 20. Chukua kihisi cha kina cha tangi. Tangi likiwa tupu, mkondo ni 4. Likijaa, ni 20. Kwa nini isianzie 0? Kwa sababu 0 ndiyo namba unayopata waya ukikatika. Kwa kuinua mwanzo wa kipimo hadi 4, wamemwezesha mwendesha mtambo kutofautisha "hakuna kitu tangini" na "sijui kilichomo tangini." Mkondo pia hausumbuliwi kirahisi na urefu wa waya au mota zinazonguruma jirani kama volti zinavyosumbuliwa. Hata usipotumia miliampea hizo, ibebe fikra yake katika kila unachounda: kutokujua kuwe na sura yake, isiyofanana na jibu lolote.

Ndiyo maana pia kifaa kinapaswa kutuma meseji moja kila siku hata kama hakuna baya lililotokea. Asubuhi, kabla ya kliniki: joto la sasa, la juu kabisa na la chini kabisa kwa usiku uliopita, hali ya betri. Na upande wa pili kuwe na kitu kinachoisubiri meseji hiyo, iwe seva au hata jedwali dogo kwenye kompyuta ya wilaya, kinachopiga kelele isipofika. Kifaa kilichoungua hakiwezi kukuambia kimeungua.

Barafu ya kupimia

Kihisi kilichotoka dukani huja na ahadi. Kwa DS18B20 halisi, ahadi ni kosa lisilozidi nusu nyuzi kati ya −10 na 85. Sokoni zimejaa nakala bandia, nyingine nzuri tu, nyingine hovyo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Basi usibishane na muuzaji, pima mwenyewe.

Gandisha maji safi ya kunywa. Yaponde mabonge yawe chengachenga, ujaze chupa ya chai, kisha umimine maji baridi kidogo kidogo hadi yajae katikati ya chenga bila kuifanya barafu ielee. Unachotaka ni uji mzito wa barafu. Koroga, ingiza ncha ya kihisi katikati isiguse ukuta wala sakafu ya chupa, subiri kama dakika kumi, ukoroge tena. Hapo pana nyuzi 0, na gharama yake ni ndogo kiasi kwamba hakuna udhuru wa kutopima. Maji ya chumvi yataharibu kila kitu, maana chumvi hushusha kiwango cha kuganda. Kihisi kikisoma 0.4, andika tofauti hiyo kwenye programu na kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kasha, pamoja na tarehe. Kikisoma 1.5, kirudishe dukani au kitupe.

Wengine hupenda kupima upande wa juu kwa maji yanayochemka. Kumbuka kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 pale tu kanieneo ya hewa ni ile ya usawa wa bahari. Tanga au Mombasa sawa. Nairobi, iliyo juu kwa takriban mita 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Fundi asiyelijua hili "atakirekebisha" kihisi kizima kwa nyuzi sita. Kwa friji, barafu inatosha. Kwa maziwa tafuta kipimajoto kilichohakikiwa, na ukilinganishe na kihisi chako palepale utakapofanyia kazi, nyuzi 60 na kitu. Maabara za vipimo za TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya hufanya uhakiki huo na kukupa cheti. Ukiwa na kipimajoto kimoja chenye cheti, hicho ndicho kitakachosahihisha vihisi vyako vingine vyote.

Umeme, laini na saa

Hapa ndipo vifaa vingi vya wanafunzi hufia. Moduli ya SIM800L inapoongea na mnara huvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo sana, na inataka volti kati ya 3.4 na 4.4. Ukiilisha kutoka kwenye pini ya ubao, volti zitaanguka, moduli itajizima, itajiwasha, itajaribu tena, itajizima. Utaona taa inawaka na kuzima na utalaumu mtandao. Ilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri ya lithiamu yenye seli moja kupitia waya mfupi na mnene, weka kapasita kubwa, maikrofaradi 1,000 au zaidi, karibu kabisa na pini zake, na shida hiyo utaisahau. Moduli hii hutumia mtandao wa 2G peke yake, kwa hiyo uliza kwanza kama eneo lako bado linao na kama mtandao utakaotumia una mpango wa kuuzima. Pale wasiwasi ulipo, lipia zaidi ununue ya 4G.

Betri si pambo. Umeme unapokatika ndipo friji inapoanza kupata joto, na ndipo ujumbe wako unapohitajika. Hesabu matumizi yake ili kifaa kidumu muda mrefu kuliko friji yenyewe inavyoweza kutunza baridi. Vipimo viandikwe kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha vitumwe. Mtandao ukipotea siku mbili, hakuna kinachopotea.

Kuhusu saa, weka moduli ya DS3231 yenye betri yake ndogo, maana ubao peke yake husahau wakati kila ukizimwa. Halafu fikiri jinsi meseji itakavyosomwa. "Joto limezidi tangu 8:10" atakayeisoma ataielewaje: saa mbili na dakika kumi asubuhi, au saa nane na dakika kumi mchana? Maana zote mbili hutumiwa kila siku. Andika "tangu saa 8:10 mchana", na programu yako ifanye yenyewe hesabu hiyo ya tofauti ya saa sita. Ujumbe wenyewe uwe mfupi na ubebe hatua ya kuchukua: FRIJI CHANJO nyuzi 9.4 tangu saa 8:10 mchana. Angalia plagi na mlango. Plagi itajwe ya kwanza, kwa sababu mara nyingi kosa ni mtu aliyeichomoa ili achaji simu.

Kutoka kupima hadi kuendesha

Sasa tuhamie kwenye maziwa. Kiwanda kidogo kinachopasteurisha kwa mafungu hupasha maziwa hadi nyuzi 63 na kuyashikilia hapo kwa dakika 30. Mitambo mikubwa ya mtiririko hutumia nyuzi 72 kwa sekunde 15, lakini huko kuna vali za kurudisha maziwa yasiyofika joto, na gharama yake si ya kuanzia.

Piga hesabu ya nguvu kabla ya kuandika programu. Lita 100 za maziwa zina uzito wa kilo 103 hivi, na kila kilo huhitaji takriban kilojuli 3.9 kupanda nyuzi moja. Kutoka nyuzi 25 hadi 63 ni nyuzi 38, kwa hiyo unahitaji karibu kilojuli 15,300, sawa na yuniti 4.2 za umeme. Hita ya kilowati 6 itachukua kama dakika 42, ukiacha joto linalopotea njiani. Hita hiyo kwa volti 230 inavuta ampea 26. Si mzigo wa soketi ya kawaida, bali wa saketi yake yenyewe, swichi yake ya kinga na kontakta.

Njia nyepesi ya kuendesha hita ni kuiwasha joto likiwa chini ya lengo na kuizima likifika. Ukiandika hivyo tu, relei itacheza kama imepandwa na pepo, iwake izime mara kadhaa kwa sekunde pale namba inapotikisika mpakani. Acha nafasi katikati. Tuseme unalenga 65, juu kidogo ya 63: washa chini ya 64, zima juu ya 66. Kwa kazi nyingi hiyo inatosha, na usimsikilize anayekuambia kuwa ni ya kizamani. Friji yako nyumbani hufanya hivyohivyo.

Tatizo la tangi ni kwamba maji yanayolizunguka kwenye koti lake yanabeba joto. Ukizima hita maziwa yakiwa 65, yataendelea kupanda. Hapo ndipo udhibiti wa PID unapoingia, na namna bora ya kuuelewa ni kurudi ulikotoka. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa Marekani, alichapisha uchambuzi wa usukani wa meli unaojiendesha, akiwa ameangalia jinsi washika usukani wanavyofanya kazi. Mfikirie nahodha wa jahazi. Hatazami tu jahazi limetoka nje ya njia kiasi gani sasa. Anatazama pia linageuka kwa kasi gani, ili aanze kurudisha usukani kabla halijapitiliza. Na akiona mkondo umekuwa ukilisukuma upande mmoja kwa muda mrefu, anashikilia usukani pembeni kidogo wakati wote kuufidia. Kosa la sasa, kosa lililolimbikizwa, na kasi ya kosa kubadilika: herufi tatu za PID ni hayo matatu, basi.

Kwa tangi, anza na la kwanza peke yake. Ongeza nguvu yake hadi joto lianze kuyumba juu na chini, kisha ipunguze kama nusu. Ongeza la pili kidogo kidogo hadi joto litulie kwenye lengo lenyewe badala ya chini yake. La tatu mara nyingi hutalihitaji, na likizidi hukuza kila mtikisiko wa kihisi. Ziegler na Nichols walitoa kanuni zao za hesabu hii mwaka 1942 na bado zinafundishwa vyuoni. Mojawapo ya njia zao huanzia hapohapo kwenye kuyumba.

Jihadhari na limbikizo. Maziwa yakianza kwa nyuzi 25, hita ikiwa imefunguliwa yote kwa dakika arobaini, programu inazidi kujumlisha kosa lisiloweza kupungua haraka zaidi. Joto likifika lengo, jumla ile ni kubwa mno na hita itabaki imewaka muda mrefu kupita lengo. Zuia jumla isikue hita inapokuwa tayari imefika mwisho wa uwezo wake.

Kisha dakika 30. Kihesabu kianze pale tu kihisi cha sehemu yenye baridi zaidi kitakapofika 63, kikorogeo kikizunguka. Joto likishuka chini ya 63 hata kidogo, kihesabu kirudi sifuri, si kusimama tu na kuendelea. Mmiliki atalalamika umeme unaliwa. Muoneshe kwamba ukilenga 65 badala ya 63 jambo hilo halitokei.

Na sasa sehemu ambayo nisingependa uiruke. Relei za kielektroniki, zile zisizo na sauti, zikiharibika mara nyingi huharibikia upande wa kuwaka. Programu yako itasema zima, na hita itaendelea. Kwa hiyo weka kikata-joto cha kimakanika kinachojitegemea, chenye kihisi chake chenyewe, kisichopitia kwenye maikrokontrola kwa njia yoyote, kinachokata kontakta joto likizidi kiwango na kuhitaji mkono wa mtu kukirudisha. Bei yake ni ndogo. Mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwapa wagonjwa wasiopungua sita dozi zilizozidi vibaya kati ya 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, na wengine walikufa. Programu ilikuwa na makosa, lakini mashine iliyotangulia ilikuwa na vizuizi vya kimakanika vilivyokuwa vikikinga makosa ya namna hiyo. Kwenye mashine mpya waliviondoa, wakaiachia programu kazi yote.

Pale kifaa kinapomgusa mgonjwa

Friji ni mbali na mwili. Ukitaka kwenda kwenye kitanda-joto cha mtoto njiti au kipima oksijeni, umevuka mto. Tanzania vifaa tiba husajiliwa na TMDA, Kenya na Pharmacy and Poisons Board, na watakuuliza kuhusu IEC 60601 kwa usalama wa umeme, IEC 62304 kwa programu, ISO 14971 kwa hesabu ya hatari. Visome viwango hivyo kabla ya kuunda, kwa sababu vinabadilisha hata namna unavyochora saketi. Fungua jalada siku ya kwanza, uandike kila badiliko na sababu yake.

Usijaribie watu wachache wanaofanana. Kipima oksijeni cha kidoleni hupitisha mwanga mwekundu wa nanomita 660 na wa infraredi wa takriban 940, kisha hulinganisha kiasi kilichonyonywa. Ngozi nyeusi hubadilisha hesabu hiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta kwamba kwa wagonjwa Weusi, upungufu wa oksijeni ambao kipimo hakikuuona ulijitokeza karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Vifaa hivyo ndivyo vilivyojaa kwenye wodi zetu. Anayeunda kipima oksijeni huku kwetu ana nafasi ya kukipima kwa vidole vya watu watakaokitumia, na sioni kwa nini asianzie hapo.

Kukabidhi

Kabla ya kuacha kifaa zahanati, kiharibu kwa makusudi. Chomoa umeme. Toa laini ya simu. Kata waya wa kihisi. Tumbukiza kihisi kwenye barafu yenye chumvi uone kengele ya kuganda inalia baada ya saa moja na si kabla. Funika antena. Kila mara andika kilichotokea na ulichotarajia. Kisha kiache kifanye kazi sambamba na kirekodi joto kilichoidhinishwa na fomu ya karatasi ambayo muuguzi hujaza mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Usiwaombe waache fomu. Chako ni cha kuongezea macho.

Kasha lizibwe vizuri, maana mende hupenda ujotojoto wa saketi, na pwani chumvi ya hewani hula viungio visivyopakwa kinga. Plagi ifungwe kwa mkanda na ibandikwe maandishi. Laini isajiliwe kwa jina la taasisi, si kwa kitambulisho chako, na iandikwe kwenye bajeti yao nani ananunua vocha. Laini isiyotumika hufungwa, na yenye salio sifuri haitumi kitu. Waachie kihisi cha akiba kilichokwisha kupimwa kwenye barafu, na namba yake ya tofauti iandikwe juu ya waya wake. Mmoja wao afundishwe kukibadilisha mbele yako, kwa mikono yake mwenyewe, na arudie mpaka asikuulize chochote. Baada ya mwaka rudi na chupa ya chai na barafu, upime vyote upya, ubadilishe betri, na uulize ni kengele gani walizipuuza.